Nani atagundua wa kwanza? Owino, magonjwa ya hatari na maandalizi ya wahudumu wetu wa afya

Tarehe 30 Januari 2025 Wizara ya Afya ya Uganda ilitangaza kwamba Ebola ya aina ya Sudan imethibitishwa Kampala. Mgonjwa wa kwanza kujulikana alikuwa muuguzi wa kiume wa miaka 32, mfanyakazi wa Hospitali ya Taifa ya Rufaa ya Mulago, aliyefariki siku moja kabla ya tangazo. Alikuwa amezunguka kutafuta nafuu: hospitali ya binafsi Wakiso, hospitali ya rufaa ya Mbale, mganga wa kienyeji, na mwisho Mulago penyewe. Mahali alipopatia virusi hapakupatikana. Mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 26 Aprili, walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 14, kati yao 12 wakiwa wamethibitishwa na maabara, na watu wanne walikuwa wamekufa.

Kwa mji wa watu wengi kama Kampala, hiyo ni idadi ndogo. Lakini kutoka Mulago hadi soko la Owino, ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe, ni safari fupi ya bodaboda. Anayeijua Owino anajua maana yake. Kuna vijia ambavyo watu wawili hupishana kwa ubavu, marobota ya mitumba yanafunguliwa na mikono mia inaingia kwa pamoja, mama anauza matoke na maharage pembeni ya mtaro wa Nakivubo, na kituo cha taksi kiko hapo hapo kikipeleka abiria kila pembe ya nchi. Upande wa pili ni Kisenyi, wanakoishi Wasomali wengi. Wakongomani na Warundi wanaokaa Katwe, Nsambya na Makindye huja Owino kununua bidhaa za kuuza tena, na wengine hufanya kazi ya kubeba mizigo. Mkimbizi anayekaa mjini hapati mgao wa chakula kama aliye Nakivale au Kyaka II, kwa hiyo Owino ndiyo shamba lake.

Sasa kuna swali ambalo watu wa usalama wamekuwa wakijiuliza kwa miaka, na ambalo sisi wakaaji hatuulizwi: je, ugonjwa wa namna hiyo ukiletwa kwa makusudi, wahudumu wetu wa afya wako tayari? Kitendo hicho kinaitwa ugaidi wa kibaiolojia, yaani kutumia virusi, bakteria au sumu ya viumbe hai kuua watu au kuwatia hofu. Nasema mapema ili mtu asije akasambaza makala hii WhatsApp kwa kichwa kingine: Uganda haijawahi kuthibitisha shambulio la namna hiyo. Mabomu tumeyaona, mwaka 2010 na tena Novemba 2021. Vijidudu, hapana.

Hata hivyo swali si la kuchekwa. Mwaka 1992 viongozi wa dhehebu la Kijapani la Aum Shinrikyo walisafiri kwenda Zaire wakidai ni kazi ya huruma, na wachunguzi baadaye waliamini walikuwa wakitafuta virusi vya Ebola. Hawakuvipata. Miaka mitatu baadaye dhehebu hilo lilimwaga gesi ya sarini katika treni za Tokyo. Mei 2016 polisi wa Kenya walitangaza kwamba wamemkamata daktari mwanafunzi wa hospitali moja ya Makueni, na kwamba mkewe amekamatwa hapa Uganda, wakiwatuhumu kuwa katika mtandao uliopanga kushambulia kwa kimeta. Zilikuwa tuhuma za polisi. Lakini zinaonyesha kwamba vyombo vya usalama vya ukanda wetu vinalichukulia jambo hili kwa uzito.

Vijidudu vya "maabara" ambavyo sisi tunavijua kwa jina

Marekani ina orodha ya vijidudu vinavyohofiwa kuliko vingine. Daraja la juu lina vitu sita: kimeta, tauni, ndui, sumu ya botulinamu, tularemia, na homa za virusi zinazoleta kutokwa damu kama Ebola na Marburg. Msomaji wa Ulaya akiiona orodha hiyo anawaza filamu. Msomaji wa hapa anawaza jirani. Kimeta kiliua viboko katika Hifadhi ya Queen Elizabeth mwaka 2004. Tauni imekuwa ikijitokeza West Nile, na ng'ambo ya mpaka huko Ituri. Ebola tumeipata Gulu, Bundibugyo, Luwero, Kibaale, Mubende na Kampala. Yaani nusu ya orodha hiyo inaishi kwetu bila kuletwa na gaidi yeyote.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Muuguzi anayempokea mgonjwa mwenye homa, kutapika na damu hawezi kujua kama ugonjwa umetoka kwa popo, kwa nyama ya ng'ombe aliyekufa, au kwa mtu mwenye nia mbaya. Mgonjwa ni yule yule. Kazi ya saa ya kwanza nayo ni ile ile: kumtenga, kujikinga, kupiga simu, kuchukua sampuli kwa usalama. Swali la "nani kafanya" linakuja baadaye na lina watu wake. Kwa hiyo anayetaka kuiandaa Kampala kwa ugaidi wa kibaiolojia, aanze na kuiandaa kwa Ebola ijayo na kimeta kijacho. Pesa ni moja, mafunzo ni mamoja.

Chukua kimeta cha Kyotera. Mwaka 2023 watu wa wilaya hiyo walianza kuvimba na kutoka vidonda vyenye kidonda cheusi katikati, na wengine kufa. Minong'ono ilisema ni uchawi, na wagonjwa wengi walipelekwa kwanza kwa waganga. Maabara ilipothibitisha kimeta mwezi Novemba, vifo 17 vilikuwa vimeripotiwa. Watu walikuwa wamekula na kushika nyama ya ng'ombe waliokufa ghafla. Kimeta cha ngozi kinatibika kwa antibiotiki za kawaida kikiwahiwa. Kilichoua Kyotera ni muda uliopotea kati ya mgonjwa wa kwanza na mtu wa kwanza kusema: hiki si cha kawaida.

Mtu wa kwanza kuona

Ukiugua Owino huendi Mulago. Unaenda duka la dawa. Unasema "nina malaria", unapewa vidonge, unarudi kwenye meza yako. Ukizidiwa unaenda kliniki ndogo ya ghorofani yenye kitanda kimoja na pazia. Ukizidiwa zaidi, ndipo kituo cha afya cha Kisenyi. Mulago ni hatua ya nne au ya tano. Kila hatua kuna musawo aliyekugusa, na mara nyingi bila glovu, kwa sababu glovu ni pesa.

Ukitazama historia, mara nyingi anayegundua ni mhudumu mmoja mwenye macho, kabla ya mashine yoyote. Oktoba 2001, Marekani ilipopata barua zenye kimeta, aliyegundua alikuwa daktari wa Florida aliyetazama majimaji ya uti wa mgongo wa mgonjwa kwa hadubini na kuona bakteria ambao hakuwatarajia. Watu 22 waliugua na 5 walikufa. Mfanyakazi mmoja wa posta Washington alikwenda hospitali akiwa na dalili, akarudishwa nyumbani, akafa. Nchi tajiri kuliko zote, na bado. Baadaye upelelezi wa FBI ulihitimisha kwamba mhusika alikuwa mwanasayansi wa maabara ya jeshi la Marekani lenyewe, si mgeni.

Kwetu mfano ni Dkt. Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor, Gulu. Mwanzoni mwa Oktoba 2000 alikuwa Kampala akisoma Makerere, akaitwa kwa sababu wanafunzi wa uuguzi walikuwa wakifa mmoja baada ya mwingine. Alifika, akasoma majalada usiku, akaona mfanano wa vifo, akaamua ni homa ya virusi ya kutokwa damu. Hakungoja jibu la maabara ya Afrika Kusini. Alifungua wodi ya kutenga wagonjwa na kuitaarifu wizara. Mlipuko huo ulipata watu 425 na kuua 224, katika eneo la vita lililojaa kambi za wakimbizi wa ndani. Bila uamuzi wake ungekuwa mkubwa zaidi. Tarehe 5 Desemba 2000 Ebola ilimuua yeye mwenyewe.

Tunapenda kumkumbuka Lukwiya kama shujaa, na ni haki. Lakini nchi haiwezi kupanga bajeti kwa kutegemea mashujaa. Mwaka 2022, Ebola ilipotokea Mubende, wahudumu wa afya 19 waliambukizwa na 7 wakafa. Mmoja wao alikuwa Dkt. Mohammed Ali, Mtanzania wa miaka 37 aliyekuwa akisomea upasuaji hapa Uganda. Madaktari wanafunzi wa Mubende waligoma wakisema hawana vifaa vya kujikinga. Watu wengine waliwalaumu. Mimi nilishindwa kuwalaumu.

Sasa linganisha na Kasese. Mwaka 2018 na 2019, Kivu Kaskazini na Ituri zilipokuwa katikati ya mlipuko uliokuja kuua watu 2,287, Uganda ilichanja wahudumu wa afya karibu 4,700 katika vituo 165 vilivyo hatarini karibu na mpaka, kabla ya mgonjwa hata mmoja kuvuka. Juni 2019 familia ilivuka kutoka Kongo ikiwa na mtoto wa miaka mitano mgonjwa. Wahudumu walimtambua, wakamtenga Bwera. Alifariki, na bibi yake na mdogo wake pia walithibitishwa kuwa na virusi. Lakini ugonjwa haukuenea ndani ya Uganda. Hayo ndiyo maandalizi, na hayakuwa ya kutisha: chanjo, glovu, mafunzo ya siku chache, na namba ya simu ambayo mtu anapokea. (Chanjo ile inakinga Ebola ya aina ya Zaire. Kwa aina ya Sudan, iliyotupata 2022 na 2025, hakuna chanjo iliyoidhinishwa, ingawa majaribio ya moja yalianza Kampala siku nne tu baada ya tangazo la Januari 2025. Kwa ulimwengu wa tafiti, hiyo ni kasi ya ajabu.)

Kuna fundisho moja la Tokyo ambalo ningependa lifundishwe katika kila kliniki ya mjini. Siku ya shambulio la sarini, Machi 20, 1995, hospitali moja ilipokea watu 640, na wengi hawakuja kwa gari la wagonjwa. Walikuja kwa miguu, kwa teksi, kwa magari ya wapita njia. Hawakuvuliwa nguo zao mlangoni, na karibu robo ya wafanyakazi wa hospitali walipata dalili kutokana na mvuke uliobaki kwenye nguo hizo. Sarini ni kemikali, si kijidudu, lakini jambo ni lile lile: hatari inaingia na mgonjwa mlangoni, na mlango ndio unaopaswa kuandaliwa. Owino ikipata msiba, watu watabebwa kwa bodaboda na mikokoteni. Nani amewafundisha waendesha bodaboda wa Kisenyi wafanye nini baada ya kumshusha mgonjwa anayetapika damu?

Lawama inapotafuta mtu wa kuangukia

Mwaka 1984, katika mji mdogo wa The Dalles, Oregon, watu 751 waliharisha vibaya baada ya kula mikahawani. Maofisa wa afya walihitimisha mwanzoni kwamba wapishi na wahudumu wa chakula hawakunawa mikono. Ulipita karibu mwaka mzima kabla ya ukweli kujitokeza: wafuasi wa dhehebu moja walikuwa wamenyunyizia bakteria wa salmonela kwenye kachumbari ili wapiga kura waugue siku ya uchaguzi. Mwaka mzima wapishi walibeba aibu isiyo yao.

Ninaitaja kwa sababu ni rahisi kuona nani angebeba aibu hiyo Kampala. Mama anayeuza chakula Owino. Mkongomani aliyefika wiki iliyopita. Msomali wa Kisenyi, ambaye tayari hutazamwa vibaya kila bomu linapolipuka mahali. Hata jina la ugonjwa linasaidia lawama: "virusi vya Sudan" vimeitwa hivyo kwa sababu viligunduliwa Nzara na Maridi mwaka 1976, na leo mkimbizi wa Sudan Kusini anayeishi Kiryandongo anatazamwa kama aliyevibeba mfukoni. Shirika la Afya Duniani lilibadilisha jina la ugonjwa wa nyani kuwa mpox mwaka 2022 kwa sababu kama hizo. Kwa Ebola bado hatujafika.

Ndiyo maana nina wasiwasi na neno "ugaidi" linapoingia wodini. Wafadhili wanalipenda, kwa kuwa linafungua mifuko ambayo neno "kuhara" haliwezi kufungua. Lakini mgonjwa akihisi kwamba musawo anauliza maswali ya polisi, kwamba "umetoka wapi, umelala kwa nani, karatasi zako ziko wapi" ni upelelezi na si tiba, atakimbia. Atarudi duka la dawa, au kwa mganga, au atalala chumbani Katwe na watoto wake. Kila ofisa wa usalama anayetaka kweli kugundua shambulio mapema anapaswa kuwa wa kwanza kulinda siri ya mgonjwa. Mwenye hofu haji kupimwa, na asiyepimwa haonekani katika takwimu yoyote.

Mlipuko wa 2025 wenyewe ulituonyesha. Wagonjwa wanane wa mwanzo waliruhusiwa kurudi nyumbani tarehe 18 Februari, na wengi tulidhani mambo yamekwisha. Tarehe 25 Februari mtoto wa miaka minne alifariki Mulago. Wafuatiliaji waliporudi nyuma waligundua kwamba mama yake aliyekuwa mjamzito na kichanga chake walikuwa wamefariki wiki kadhaa kabla na kuzikwa bila mazishi salama. Hakuna aliyeripoti. Hiyo haikuwa familia ya wakimbizi au ya magaidi. Ni familia iliyokuwa ikizika wapendwa wake kama watu wanavyozika.

Lugha nayo ni kikwazo ambacho hakionekani kwenye bajeti. Katika vituo vingi vya mjini maswali huulizwa kwa Kiluganda au Kiingereza. Mama wa Kivu anajibu kwa Kiswahili, mzee wa Kisenyi kwa Kisomali, na mtoto wa miaka kumi ndiye mkalimani. Huwezi kupata historia ya siku 21 za mgonjwa, yaani kwamba alisafiri wapi, alizika nani, alikula nyama gani, kupitia mtoto wa miaka kumi. Mkalimani wa zamu katika vituo vinne au vitano vinavyozunguka soko ungegharimu kidogo sana ukilinganisha na mashine ambazo huzinduliwa kwa kukata utepe.

Pesa, basi. Amri ya Marekani ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ilitoka tarehe 20 Januari 2025. Siku kumi baadaye Ebola ikatangazwa Kampala. Miradi iliyokuwa ikitegemea USAID ilikuwa imepokea barua za kusimama, na watu waliojua kazi walikuwa wakikusanya vitu vyao ofisini. Uganda iliudhibiti mlipuko huo hata hivyo, kwa wataalamu wake, maabara zake na msaada wa wengine, na sifa hiyo ni yake. Ila mfumo uliookolewa na watu wenye uzoefu huwezi kuuendesha miaka mitano bila kuwalipa. Wahudumu wa afya wa jamii, wale VHT wanaopita nyumba hadi nyumba kambini na mitaani, ni wa kujitolea. Tunawataka wawe macho ya taifa dhidi ya kimeta na Ebola, na hatuwapi hata viatu vya mvua.

Kwa msomaji anayeuza au kununua Owino, mambo machache ya kushika. Ebola haiambukizi kabla mtu hajaanza kuugua, na dalili huja kati ya siku 2 na 21 baada ya kukutana na virusi. Kimeta kwa kawaida hakitoki kwa mtu kwenda kwa mtu. Kinatoka kwa mnyama, hivyo nyama ya bei ya ajabu isiyo na muhuri wa mkaguzi iache. Usijigawie antibiotiki kwa sababu umesikia uvumi. Wawili watatu mkiugua kwa pamoja baada ya kula au kuzika mahali pamoja, mwambie musawo hilo kabla ya kutaja malaria, maana ndilo neno litakalomfanya afikirie tofauti. Wizara ya Afya ina namba ya bure 0800-100-066, na ujumbe wa bure unaoanza na neno ALERT hutumwa kwenda 6767. Mkimbizi ana haki ya kutibiwa katika vituo vya serikali kama raia, na kuripoti ugonjwa hakumwondolei hadhi yake ya ukimbizi.

Viongozi wa soko, wenyeviti wa LC1 wa Kisenyi na kamati za wakimbizi wanaweza kuanza na swali moja kwa mamlaka ya jiji: leo saa kumi jioni, mgonjwa akianguka akitoka damu kwenye vijia vya mitumba, nani anakuja, na gari gani, na glovu ziko wapi? Jibu likiwa ni jina la mtu na chumba chenye ufunguo, tumeanza kujiandaa. Likiwa ni semina itakayofanyika hotelini mwezi ujao, tuendelee kuuliza.